Mwaka wa Kanisa na Masomo ya Injili

Mkulima ana mwaka wake. Hauanzi tarehe 1 Januari. Huanza pale anaposafisha shamba na kutazama mawingu. Kisha huja kupanda, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Kanisa nalo lina mwaka wake, na katika mwaka huo kila Jumapili ina somo lake la Injili.

Watu wengi hudhani kwamba padre au katekista huchagua somo analolipenda siku ile. Sivyo. Somo limekwisha kupangwa. Katika Jumapili moja, Wakatoliki wa Songea, wa Bukoba na wa Roma husikia Injili ileile. Waluteri na Waanglikana nao wana kalenda zao za masomo. Madhehebu mengine hayafuati kalenda. Hapa tutaeleza mpango wa Kanisa Katoliki.

VIPINDI VYA MWAKA

Mwaka wa Kanisa huanza na Majilio, yaani wakati wa kungoja kuja kwake Bwana. Jumapili ya kwanza ya Majilio huwa kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Siku hiyo Injili hutuambia tukeshe. Baadaye tunasikia habari za Yohane Mbatizaji. Kisha huja Noeli, tarehe 25 Desemba.

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Ni mfungo wa siku 40 kabla ya Pasaka. Jumapili ya kwanza tunasikia jinsi Yesu alivyojaribiwa jangwani. Jumapili ya pili tunasikia jinsi alivyogeuka sura mlimani.

Pasaka haina tarehe moja. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo huwa kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Furaha ya Pasaka huendelea kwa siku 50, mpaka Pentekoste.

Majuma yanayobaki, 33 au 34, huitwa kipindi cha kawaida. Ukiona padre amevaa rangi ya kijani, ujue ni kipindi hicho. Zambarau ni Majilio na Kwaresima. Nyeupe ni Noeli na Pasaka. Nyekundu ni Pentekoste.

MIAKA MITATU

Zamani masomo ya Jumapili yalirudiwa yaleyale kila mwaka. Sehemu kubwa ya Injili haikusikika kabisa siku ya Jumapili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, uliagiza waamini wasomewe Biblia kwa wingi zaidi. Mpango mpya ulianza tarehe 30 Novemba 1969. Ni mpango wa miaka mitatu:

Mwaka A: Injili ya Mathayo.
Mwaka B: Injili ya Marko.
Mwaka C: Injili ya Luka.

Injili ya Yohane husomwa hasa wakati wa Kwaresima na Pasaka. Tena, kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi, yenye sura 16 tu, katika Mwaka B zipo Jumapili tano za kusoma sura ya 6 ya Yohane, habari za mkate wa uzima.

Utajuaje mwaka huu ni upi? Fanya hesabu. Gawanya mwaka kwa 3. Kama hakuna kinachobaki, ni Mwaka C. Ikibaki 1, ni Mwaka A. Ikibaki 2, ni Mwaka B. Kwa mfano, 2025 ukigawanya kwa 3 unapata 675, na hakuna kinachobaki. Huo ni Mwaka C. Kwa 2026 hubaki 1. Huo ni Mwaka A. Lakini kumbuka: Majilio yakianza, hesabu mwaka unaokuja.

FAIDA YA MPANGO HUU

Mtu akiachiwa achague mwenyewe, huchagua linalompendeza. Mhubiri anaweza kusema kila siku juu ya kutoa sadaka. Msikilizaji naye hupenda kusikia habari za wagonjwa walioponywa, lakini hapendi kusikia habari za kusamehe deni. Kalenda haimwulizi mtu anapenda nini.

Tutazame Mwaka A. Mwezi Septemba tunasikia habari za mtumwa aliyesamehewa deni kubwa, kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Kwetu, mwezi huo wengi wamekwisha kuuza mazao, na wenye kudai wanazunguka nyumba kwa nyumba. Juma linalofuata tunasikia habari za vibarua wa shamba la mizabibu. Wa asubuhi na wa jioni walilipwa sawa, na wa asubuhi wakanung'unika. Jumapili ya mwisho wa mwaka, sikukuu ya Kristo Mfalme, tunaulizwa kama tulimlisha mwenye njaa na kumtazama mgonjwa. Hatuulizwi tulikuwa na shamba la ukubwa gani.

MVUA ZETU NA KALENDA YA KANISA

Kalenda hii haikutungwa kwa kufuata mvua zetu. Katika Mwaka A habari za mpanzi husomwa mwezi Julai, na sehemu nyingi za nchi yetu wakati huo watu wanavuna. Lakini Majilio huja vizuri. Sehemu nyingi watu wanangoja mvua ya kupandia, au ndiyo imeanza. Mkulima anajua kungoja si kukaa bure. Anayengoja mvua huandaa shamba na mbegu.

Kwaresima ni jambo zito zaidi. Mara nyingi huja Februari na Machi, wakati ghala limepungua. Aliyelala njaa kwa kukosa chakula hakufunga, amekosa tu. Basi mfungo una maana gani? Somo la Jumatano ya Majivu linataja mambo matatu pamoja: sadaka, sala na kufunga, na yote yafanywe bila kujionyesha. Kwa hiyo mwenye debe tatu asifunge peke yake. Kile alichojinyima kifike kwa jirani, kimyakimya.

WEWE UNAYEJUA KUSOMA

Katika vigango vingi padre hafiki kila Jumapili. Katekista huongoza ibada, na wasomaji humsaidia. Ndugu msomaji, unaweza kuwa mmoja wao. Fanya hivi:

1. Siku ya Jumamosi, uliza somo la kesho ni lipi.
2. Lisome polepole mara mbili, mara ya pili kwa sauti.
3. Wasomee wa nyumbani, hasa wazee wasioona vizuri.
4. Jiuliza: neno gani hapa sikutaka kulisikia?

Swali la nne ndilo kubwa. Mara nyingi neno hilo ndilo lenye kazi kwetu juma hilo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka 2027 utakuwa Mwaka A, B au C? Onyesha hesabu yako.
2. Kwa nini masomo hayaachwi yachaguliwe na mhubiri?
3. Mwezi wa njaa kijijini kwenu ni upi? Mwenye chakula afanye nini mwezi huo?