Fahamu: Kwa nini vibao vya mkia wa ndege huinama ikiegeshwa

Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa hadi Diff mpakani na Somalia, Cessna Caravan si ndege ngeni. Ikizimwa injini, vibao vya mkiani huinama. Haijaharibika. Caravan huongozwa kwa nyaya za chuma kutoka kwenye usukani. Rubani akiuachilia, uzito wa vibao wenyewe huvivuta chini. Boeing 777, kwa upande wake, hutegemea presha ya haidroliki, na presha hiyo ikishuka, baadhi ya vibao vya mabawa hulegea taratibu.

Adui ni upepo. Kati ya Juni na Septemba huvuma kwa nguvu kwenye tambarare hizi, na kibao kilichoachwa huru hupigizwa juu chini mpaka bawaba zichakae. Ndiyo maana rubani wa Caravan huutia usukani pini ya kuufunga, yenye bango jekundu lisiloweza kukosa kuonekana.

Akisahau kuitoa? Mei 31, 2014, huko Bedford, Massachusetts, ndege binafsi ya Gulfstream IV ilishika kasi ya kuruka vibao vikiwa vingali vimefungwa. Haikunyanyuka. Ilipita mwisho wa barabara ya kurukia ikawaka moto, na wote 7 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walibaini kuwa marubani hawakuvijaribu vibao kabla ya kuondoka, jambo la sekunde chache tu.