Je, Wajua? Mungu wa kike aliyepakwa dhahabu mara sita

Mwaka 1727, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa majitaka mjini Bath, Uingereza, walifukua kichwa cha shaba nyeusi kilichopakwa dhahabu: Sulis Minerva, mungu wa kike wa chemchemi za majimoto enzi za Warumi. Je, kilikuwa pambo tu la tajiri fulani? Sidhani; naona kilikuwa cha sanamu ya ibada. Dhahabu yake ina matabaka sita, tena ya ufundi tofauti: ya mwanzo yalishikizwa kwa zebaki na moto, ya baadaye ni dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno. Pambo la nyumbani halirudiwi hivyo. Na anayedai kwamba kichwa kisicho na kiwiliwili hakithibitishi ibada, azingatie kuwa mwaka 1790 mabaki ya hekalu lake yalifukuliwa karibu na hapo.