ONDOA JETONI YAKO KABLA YA KWENDA NYUMBANI



Wale waliofanya kazi chini ya ardhi wanajua jetoni. Unaposhuka, unaitundika ubaoni. Unapopanda, unaiondoa. Ikibaki ubaoni, kapita hawezi kwenda kulala, maana kwake wewe bado uko shimoni. Leo tutazungumza juu ya shimo lingine, lisilo na giza wala maji, ambalo wengi wetu tunatoka bila kuondoa jetoni. Ni mlango wa kufikia biro kutoka mbali.

Zamani fishi ya mgonjwa ilikaa ndani ya kabati, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa muganga. Leo fishi zetu ziko katika ordinatere kubwa ya kampuni, mbali na Kiringye. Nikiwa hapa kituoni nafungua intaneti kwa programu ya kawaida, kama Chrome ao Firefox. Naandika anwani ya biro, jina langu na neno langu la siri, na meza yote ya kazi inatokea mbele yangu: fishi, hesabu ya dawa, barua za wakubwa. Wandugu wa mishahara na wa depo wanafanya vilevile.

Fahamu jambo hili: fishi yenyewe haitoki kule. Kinachofika Kiringye ni picha tu ya kazi inayofanyika katika ordinatere ya biro. Kinachorudi ni herufi ninazobonyeza. Njiani vyote vinapita kwa maandishi ya siri, hata mtu akivikamata katikati hawezi kuvisoma. Mwizi akiiba ordinatere ya kituo, ameiba chuma. Fishi zimebaki biro, ikiwa mimi sikuzishusha na kuziweka humo.

Faida yake ni kubwa. Kumbuka tarehe 16 na 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuharibu nyumba na njia mjini Uvira, na Korona nayo ilikuwa imepunguza safari nchini. Siku kama zile, anayeweza kufikia biro bila kupanda gari anasaidia wagonjwa wengi.

Lakini sikiliza kosa langu mwenyewe. Siku moja nilishuka Uvira kuchukua dawa. Nikakumbuka majibu ya makohozi ya mfanyakazi mmoja, nikaingia katika nyumba moja ya intaneti, nikafungua fishi yake. Umeme ukasumbua, gari likapiga honi. Nilizima kioo nikaondoka. Nilifikiri kuzima kioo ni kufunga mlango. Aliyekaa kiti kile baada yangu akawasha kioo, akakuta jina la jirani yake na maneno «kifua kikuu».

Baada ya siku chache mzee yule alikuja kituoni. Hakuketi.

— Muganga, siri yangu imefikaje kisimani kabla ya mimi kuimeza dawa ya kwanza?

— Mzee wangu, ni mimi niliyeacha mlango wazi. Unisamehe.

Watoto wake walikuwa wanafukuzwa kwenye michezo. Alimaliza dawa zake, miezi sita, akapona. Lakini wakati ule wengine waliokuwa wakikohoa waliogopa kuja kituoni. Ndiyo sababu jambo hili ni la afya, si la wenye ordinatere peke yao. Mtu asiyeamini kwamba siri yake inalindwa anaficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa unaingia nyumba yote.

Hata makampuni makubwa yanaanguka hapo. Tarehe 12/2/2024 wezi waliingia katika kampuni ya Change Healthcare, Marekani, inayopitisha malipo ya hospitali na ya maduka ya dawa. Hawakuvunja ukuta. Walipita mlango wa kufikia biro kutoka mbali, kwa jina na neno la siri la kweli lililoibwa. Mlango ule haukudai uhakikisho wa pili. Tarehe 21 wakafunga mafaili kwa kufuli yao. Maduka mengi ya dawa yakakwama, na kampuni ikalipa dola milioni 22. Andrew Witty, aliyekuwa mkubwa wa kampuni mama, aliyaeleza hayo mbele ya bunge la Marekani tarehe 1/5/2024.

Basi, ndugu yangu, shika haya:

1. Ukimaliza kazi, bonyeza neno la KUTOKA, ungoje mpaka ukurasa uombe tena neno la siri. Kuzima kioo si kutoka.

2. Programu ikikuuliza kama itunze neno lako la siri, kataa, hasa kwenye ordinatere ao telefone isiyo yako.

3. Namba ya pili inayokuja kwenye telefone yako usimpe mtu, hata akisema anapiga simu kutoka biro. Ichunge kama namba ya siri ya M-Pesa.

4. Tazama anwani herufi kwa herufi kabla ya kuandika neno la siri. Kiungo ulichotumiwa na usiyemjua, usikifungue.

5. Usishushe fishi wala kupiga picha ya kioo. Ukifanya hivyo, siri imetoka biro na haitarudi.

6. Ukikosea, sema siku ileile. Wanaotunza mashini wanaweza kufunga mlango kutoka kule.

Mama wa nyumbani, baba akifungua kazi ya kampuni mezani, watoto wasichezee telefone ile. Ukiona karatasi ao kioo chenye jina la mgonjwa, geuza uso, kisha mwambie mwenyewe afunge. Sheria ya Kongo ya tarehe 13/3/2023 juu ya mambo ya dijitali inalinda habari za kila mtu. Heshima ya jirani inalindwa na wewe.

Kazi imekwisha? Ondoa jetoni yako.