Mashine ya upepo uani: Tuliyojifunza baada ya ya kwanza kuungua

Shinyanga. Ukitamka neno kompresa Nyarugusu au Mwakitolyo, watu wengi watafikiria ile mashine kubwa ya dizeli yenye magurudumu, inayonguruma juu ya duara mchana kutwa huku mpira wake ukishuka shimoni kuendesha nyundo ya kutobolea mwamba. Leo siizungumzii hiyo. Ninazungumzia mdogo wake, ile ya umeme yenye mtungi unaolala chini na vigurudumu viwili vya plastiki, ambayo siku hizi huwezi kupita mitaa miwili ya Shinyanga, Kahama au Katoro bila kuikuta uani kwa mtu.

Kwetu iliingia kwa ajili ya kijana. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza ufundi pikipiki kwa mtu, akarudi nyumbani na ombi moja: “Mama, nipatieni mashine ya upepo, mengine nitajitafutia.” Hoja yake ilikuwa na mashiko. Mji wetu ni wa baiskeli na bodaboda, na pancha haina msimu. Tukauza dengu, tukatenga Sh400,000.

Mashine ya kwanza ilikaa siku 19. Ilikuwa nzuri kwa macho, nyekundu, na muuzaji aliisifia kuliko hata sisi tulivyotaka kusifiwa. Siku ya 19 ikavuma bila kuzunguka, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Fundi wa kusuka mota alipoifungua alitikisa kichwa. Ndani nyaya zilikuwa za alumini, nje kibandiko kilisema shaba. Hata hivyo, alituambia kosa lilikuwa letu pia, na nitalieleza.

Swali la kwanza: Je, unaihitaji?

Mzazi mwenzangu, kama una pikipiki moja au gari dogo moja na unachotaka ni kuongeza upepo asubuhi kabla ya kuwapeleka watoto shule, usinunue kompresa ya mtungi. Pampu ya mguu yenye geji inatosha kwa pikipiki. Kwa gari, kipo kipampu kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinatumia volti 12 za betri. Kinachukua dakika kadhaa kwa tairi moja na kinapiga kelele kama mbu mkubwa, lakini kinakaa kwenye buti. Gari dogo linahitaji PSI 30 na kidogo tu. Kipimo chake halisi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Mashine ya mtungi inaanza kuwa na maana pale upepo unapotakiwa mara nyingi kwa siku: kazi ya pancha, kusafisha kabureta, kupaka rangi vitu vidogo.

Namba zinazouzwa na namba zinazofanya kazi

Dukani utasomewa namba tatu: nguvu ya mota, ukubwa wa mtungi na presha. Presha ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa, na ndiyo isiyokuwa na tofauti kubwa. Karibu zote ndogo hufika baa 8 (si zile za vinywaji), yaani kama PSI 116. Hiyo inatosha baiskeli, bodaboda, bajaji na gari dogo, na inabaki.

Mtungi ni ghala tu. Wa lita 24 uliojaa baa 8, ukiutumia hadi zibaki baa 3, unakutolea upepo wa kama lita 120. Tairi la nyuma la bodaboda likiwa tupu kabisa hunywa kama lita 15 hivi, kwa hiyo mtungi huo unahudumia matairi saba au manane kabla mota haijalazimika kufanya kazi ya maana. Wa lita 50 ni mara mbili ya hapo. Kwa kijana anayeanza pancha, mimi ningechagua wa lita 50 wenye mota ya nguvu farasi 2, si kwa sababu unajaza haraka zaidi, bali kwa sababu mota inapata muda mrefu wa kupumzika. Hizi mashine za bei nafuu hazikuundwa kunguruma mfululizo. Ikifanya kazi dakika kumi, ipe na yenyewe dakika kumi.

Namba muhimu ni ya nne, ile ambayo muuzaji wetu hakuitaja: lita ngapi kwa dakika. Hapo tena kuna mtego, maana mara nyingi kinachoandikwa ni upepo unaovutwa na pistoni, siyo unaofika kwenye mtungi. Unaofika ni pungufu, wakati mwingine kwa theluthi au zaidi. Njia ya kujua bila kubishana na mtu ni simu yako. Mwombe muuzaji autoe upepo wote, afunge, awashe, nawe uanze kuhesabu muda. Mtungi wa lita 24 wenye mota ya farasi 2 unapaswa kujaa na mashine kujizima ndani ya dakika mbili hivi. Wa lita 50, dakika nne. Ukichukua muda mara mbili ya huo, ama mota siyo iliyoandikwa, ama pistoni imechoka. Kisha zima, kaa nusu saa, utazame mshale wa geji. Ukishuka sana, kuna mahali panavuja. Muuzaji asiyetaka kukupa nusu saa amekwisha kukujibu.

Kuhusu oili: zipo zinazotumia oili na zisizotumia. Zisizotumia ni nyepesi, na kwa anayepaka rangi upepo wake ni msafi, ila nyingi za bei ya chini huchoka mapema na kelele zake zitakugombanisha na jirani. Yenye oili inataka malezi, yaani kutazama kidirisha chake kila siku na kuweka oili ya kompresa, siyo iliyobaki kwenye galoni la gari. Kwa kazi ya kila siku, chukua yenye oili.

Mtumba nao una mambo yake. Mashine zilizotumika Japani zinavutia kwa uimara, lakini soma kibati chake kabla hujalipa: umeme wa majumbani kule ni volti 100, wetu ni 230. Ukiichomeka hivyo hivyo utaona moshi kabla ya upepo. Halafu fungua koki iliyo chini ya mtungi. Yakitoka maji yenye rangi ya chai ya rangi, mtungi unaliwa na kutu kwa ndani, na rangi mpya ya nje isikudanganye.

Umeme, na kosa letu

Sasa lile kosa. Mita yetu iko upande wa barabara, na kijana alitaka kufanyia kazi chini ya mwarobaini, nyuma ya nyumba. Tukanunua waya wa kuunganishia wa mita 30, ule mwembamba wa kuchajia simu na kuwashia redio. Mota ya farasi 2 inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au zaidi ya inaotumia ikishachangamka. Kwenye waya mwembamba na mrefu volti zinaanguka, mota inashindwa kuanza, inavuma, inapata moto. Ongeza na umeme hafifu wa jioni, wakati kila nyumba imewasha kila kitu. Hivyo ndivyo tulivyoichoma.

Fundi alitupa ushauri ambao sasa naugawa bure: weka mashine karibu na soketi, kisha urefushe mpira wa upepo. Upepo husafiri mita 20 bila kinyongo, umeme kwenye waya mwembamba hausafiri.

Wenye jenereta nao wajue. Kijenereta cha kilowati moja hakiwezi kuianzisha mashine hii, hata kama mota imeandikwa kilowati 1.5 na unadhani “tofauti ni ndogo”.

Kuna na hesabu ya Luku ambayo haikai kwenye kibandiko chochote. Farasi 2 ni kilowati 1.5, yaani ikizunguka saa moja inakula uniti moja na nusu. Ikizunguka jumla ya saa moja kila siku, mwezi ukiisha imekula uniti 45. Kama familia yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, mashine hii inaweza kukutoa humo, na uniti zako, pamoja na za taa na televisheni, zikapanda hadi karibu mara tatu ya bei uliyozoea. Kijana wetu alikuwa anapiga hesabu ya faida bila mstari huo. Tulikaa naye na daftari jioni nzima, akanuna kidogo, kisha akapandisha bei ya kuziba pancha.

Mtungi si sufuria

Wapo mafundi wanaochukua kompresa ya friji bovu, wakaiunganisha na mtungi wa zamani wa gesi au wa kuzimia moto, wakakuuzia kwa nusu ya bei. Ninawaheshimu kwa ubunifu wao. Nyumbani kwangu haitaingia. Mashine ya kiwandani ina swichi inayojizima presha ikifika, na ikishindwa kuna vali ya usalama, ile yenye kipete cha kuvuta, inayofyatuka yenyewe. Kitu cha kuunganisha mara nyingi hakina hata kimoja, na mtungi wenye upepo wa baa 8 ukipasuka hurusha vipande vya chuma. Kwa sababu hiyo hiyo, mtungi ukitoboka kwa kutu usiupeleke kwa mchomeleaji. Chuma kilichoisha unene hakirudi kwa kiraka.

Kila jioni toa maji kwa koki ya chini. Hewa ikibanwa hutoa unyevu wake, na masika ndiyo zaidi. Kiangazi, vumbi la Shinyanga likipanda, safisha chujio la kuingizia hewa kila wiki. Na shughuli ikikua ikawa gereji yenye wafanyakazi, fahamu kuwa OSHA, wakala wetu wa usalama mahali pa kazi, ina kazi ya kukagua mitungi ya presha.

Jambo jingine nililomkatalia kijana kabisa ni matairi ya malori. Tupo njia ya Tinde na Isaka, malori ni mengi na malipo yake yanatamanisha. Lakini tairi la lori linajazwa PSI 100 na zaidi, na zile rimu zenye ringi ya kufungia zikifyatuka wakati wa kujaza huua mtu aliyesimama mbele yake. Kazi hiyo ina kizimba chake cha chuma na watu wake.

Vumbi la mjomba

Haya yote ningeweza kuyaandika bila kukosa usingizi. Kilichoninyima usingizi ni Jumamosi moja. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye karasha Mwakitolyo, kusaga mawe ya dhahabu. Alikuja kututembelea akiwa bado na ovaroli lake, jeupe kwa unga wa mawe. Akachukua bunduki ya upepo ya kijana, akajipuliza kuanzia mabegani hadi miguuni. Lilipanda wingu. Bintiye kitinda mimba, ambaye wiki ile alikuwa kwetu, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, anacheka na kurukaruka ndani ya lile wingu.

Dhahabu ya ukanda huu inakaa sana kwenye mawe ya kwatzi, na kwatzi ni silika. Unga wake ulio mwembamba kiasi cha kutoonekana huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Huleta ugonjwa wa silikosisi, usio na tiba ya kuuondoa, na humfanya mtu awe rahisi kupata kifua kikuu. Mwaka 1997 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, ililiweka vumbi hilo, linapovutwa kazini, kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Ovaroli lililotikiswa kwa mkono linatoa vumbi kidogo. Lililopulizwa kwa baa 8 linalitawanya hewani ua mzima, na lile jembamba zaidi ndilo linaloelea kwa muda mrefu.

Kuelekeza upepo mwilini ni hatari hata bila vumbi. Marekani, sheria za usalama kazini haziruhusu kusafishia kwa zaidi ya PSI 30, na siyo kwenye mwili wa mtu. Upepo huo unaweza kutoboa ngoma ya sikio, kuumiza jicho, kuingia kwenye damu kupitia kidonda. Na upo utani wa vijana wa gereji wa kumwelekezea mwenzao mpira wa upepo kwenye makalio. Madaktari wa nchi mbalimbali wameripoti watu waliopasuka utumbo kwa utani huo, hata wakiwa na nguo, na wengine wakafa. Mwambie kijana wako kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka.

Nilimwambia mdogo wangu mbele ya mkewe, jambo ambalo kwa kawaida sifanyi. Alinyamaza, kisha akasema: “Dada, sisi kule tunapulizana hivyo kila siku.”

Siku hizi anakuja na nguo za nyumbani, ovaroli limefungwa kwenye kiroba, linalowekwa kwenye ndoo ya maji kabla halijakung'utwa. Mashine ya pili, yenye mtungi wa lita 50, imekaa barazani karibu na mita, na mpira wake unapita nyuma ya nyumba hadi chini ya mwarobaini. Jioni kijana akishatoa maji huvua bunduki ya upepo na kuifungia chumbani kwake. Yule mtoto bado huuliza lini baba yake atalitengeneza tena lile wingu.