Deshaies: Mji wa Tamthilia kwa Mfuko Mdogo

Tangu 2011, tamthilia ya BBC ya Death in Paradise inarekodiwa Deshaies, mji mdogo wa pwani kisiwani Guadeloupe, Karibi. Kuutazama mji huo ni bure. Kufika ndiko kunakomaliza fedha.

Anza na viza. Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen, hivyo omba viza inayotaja maeneo ya ng'ambo. Ndege nyingi za kwenda huko huondoka Paris katika uwanja wa Orly, na ukitua uwanja wa Charles de Gaulle huenda ukalazimika kuvuka jiji. Hapo utahitaji viza ya Schengen pia: ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa viza.

Tiketi mbili za mashirika tofauti huonekana nafuu. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inakuacha na hela yako imekwenda. Chukua tiketi moja inayounganisha safari yote, hata ikizidi kidogo.

Kisiwani, mabasi ndiyo rahisi kwa bei, ila ni machache, hasa Jumapili. Teksi ni ghali kwa mtu mmoja. Mkiwa watatu au wanne, kodini gari. Kabla ya kusaini, uliza kuhusu bima kamili, dereva wa pili na dhamana inayozuiwa kwenye kadi. Kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa.

Kwa malazi, nyumba yenye jiko inaishinda hoteli. Vyakula vingi huletwa kwa meli na kutozwa ushuru, kwa hiyo nunua samaki na matunda ya hapo hapo. Uliza pia kama bei ina kodi ya utalii, inayotozwa kwa kila mtu kila usiku.

Ziara ya kuongozwa iache. Jengo linaloigiza kituo cha polisi cha tamthilia liko karibu na kanisa, na mgahawa unaoigiza baa ya mhusika Catherine uko ufukweni. Utavifikia kwa miguu. Ufukwe wa Grande Anse hauna kiingilio. Bustani ya mimea inacho.

Desemba hadi Aprili ni kiangazi na bei hupanda. Juni hadi Novemba bei hushuka, lakini ni msimu wa vimbunga. Mei ndiyo chaguo langu.

Usilipie chochote kisichorudishwa kabla viza haijatoka.