Damu Hutoa Habari za Moyo
Mnamo Septemba 1977, mjini Zurich, Uswisi, Daktari Andreas Grüntzig aliupanua mshipa wa moyo uliosongeka kwa kibofu kidogo kinachovimbishwa ndani yake. Tangu hapo tiba hiyo imewaokoa wengi walioshikwa na shtuko la moyo.

Hata hivyo, mshipa ukifunguka hatari haijesha. Chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili huikimbilia nyama ya moyo iliyoumia. Zikizidi, huiumiza zaidi. Limfosaiti, nazo, hupungua mwili unapotaabika. Nyutrofili 8,000 zikigawanywa kwa limfosaiti 2,000, jibu ni 4. Utafiti umeonyesha kwamba kadiri jibu linavyokuwa kubwa, ndivyo hatari ya kifo inavyoongezeka. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi.

Basi mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia asingoje mapambazuko. Jamaa zake wamwahishe hospitali.