PSA: Kipimo cha Baba, Swali la Mama

 

Leo najibu swali ninaloulizwa kliniki: “Sista, mzee wangu ameambiwa PSA yake iko juu. Ni saratani? Na mimi nipimwe?”

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo cha mwanaume. Kazi yake ni kulainisha manii. Kiasi kidogo huingia kwenye damu, na hicho ndicho hupimwa. Madaktari wengi huanza kuchunguza zaidi ikipita nanogramu 4 kwa mililita.

Lakini mama, kupita 4 si hukumu. PSA hupanda tezi ikikua kwa sababu ya umri, ikiwa na maambukizi, mkojo ukiziba, au baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. Hata tendo la ndoa siku mbili kabla ya kipimo huweza kuipandisha. Kwa hivyo kipimo hurudiwa, na daktari hupima tezi kwa kidole. Kinachothibitisha saratani ni kipande kidogo cha tezi kilichochunguzwa maabara. Tena, PSA ya chini haimaanishi kwamba hakuna saratani kabisa.

Na wewe mama? Huna tezi dume, lakini una PSA kidogo sana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Toronto, Kanada, waliikuta kwenye uvimbe wa matiti na hata katika maziwa ya mama. Usiogope, endelea kunyonyesha. PSA haitumiki kutafuta ugonjwa kwa mwanamke, kwa hivyo usilipie kipimo hicho. Ukiona uvimbe kwenye titi, njoo uchunguzwe. Uliza pia kuhusu kipimo cha mlango wa kizazi.

Mzee wako akiamka mara nyingi usiku kukojoa, mkojo ukikatika-katika, au akiona damu, msimfiche nyumbani na mitishamba. Akifikisha miaka 45, hata kama hana dalili, azungumze na daktari kuhusu faida na hasara za kipimo. Mapema zaidi ikiwa baba au ndugu yake aliugua.

Nauli ya kwenda Kitui mjini si kidogo, najua. Lakini saratani ya tezi dume ikigunduliwa mapema hutibika. Majibu yakitoka, msikate tamaa kwa namba moja. Mrudishe mzee, umsindikize, muulize pamoja.

Kwaherini hadi kipindi kijacho.